Unyayo wa Fundi Bakiri

Fundi Bakiri hakuwahi kuingia ndani ya gari la mtu na viatu. Liwe gari jipya la bosi wa Sandton, mtaa wa matajiri, liwe kuukuu lenye makombo ya chipsi na vumbi la mwaka mzima, kwanza alivua makubazi yake ya ngozi, akayapanga ukingoni mwa barabara, ndipo akaingia miguu mitupu. Alikuwa fundi umeme wa magari huko Malvern, hatua chache kutoka Jules Street, na mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Mzee wa Tanga, gari si msikiti!"

"Wala si zizi," aliwajibu.

Héritière alifika kwake Jumamosi moja asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa mama wa Bukavu mwenye gari la viti saba, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka watoto sita shuleni na kuwarudisha. Wazazi wao walikuwa wamemtaka aweke kamera kwenye kioo cha mbele, irekodi safari nzima. Sasa video zilikuwa na mapengo, dakika moja hapa, mbili pale, na kila pengo liliangukia kwenye roboti, ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku. Gari likisimama, kamera inazimika. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba anaizima makusudi ili apakie abiria wengine pamoja na watoto wao. Mama Chloé, msemaji wao, alimpa wiki moja tu. Ijumaa angezitazama video zote za wiki hiyo, na likionekana pengo hata moja, watoto wangehamia kwa dereva mwingine. Héritière hakuwa na kazi nyingine.

"Banasema ni miye naizimaka," alimweleza fundi. "Vraiment, kweli kabisa, Papa Bakiri, sijaigusa hata siku moja. Nimebadilisha kadi, nimebadilisha kamera yenyewe. Bado."

Bakiri alivua makubazi, akaketi kiti cha abiria, akaanza kazi. Aliutikisa waya pale unapoingia kwenye kamera. Aliupindapinda. Aliwasha gari, akalizima, akaliwasha tena, akakanyaga mafuta mpaka likanguruma. Kitaa cha buluu cha kamera kikakaa vilevile, hakikupepesa. Saa nzima ikapita hivyo. Hakuna ugonjwa unaotia uchungu kama ule unaojificha mbele ya mganga, na Héritière aliposimama pale nje akikitazama kile kitaa kisichozima, aliona hata yeye mwenyewe angeanza kujishuku.

"Likisimama hapa halina neno," Bakiri alisema hatimaye. "Likisimama kwenye roboti kamera inazima. Kuna kitu unakifanya kule, dada, ambacho hapa hukifanyi."

"Kumbe na wewe!"

"Sijasema unazima. Nimesema kuna kitu unakifanya. Panda, twende."

Waliishika Jules Street kuelekea mjini. Roboti ya kwanza ilikuwa kijani, wakapita. Ya pili ikawa nyekundu. Héritière alipunguza mwendo, akasimama nyuma ya lori la magodoro, na papo hapo Bakiri akahisi kitu kikitambaa chini ya unyayo wake, chini ya kapeti, kama mjusi. Aliinua macho. Kitaa cha buluu kilikuwa kimezimika.

"Rudisha mkoba," alisema polepole.

"Mkoba gani?"

"Huo uliousukuma sasa hivi miguuni pangu."

Héritière alitazama chini. Kweli, mkoba wake, uliokuwa katikati ya viti, sasa ulikuwa umebanwa sakafuni chini ya dashibodi, na mkono wake wa kushoto bado uko juu yake. Hakukumbuka kuusukuma. Miaka minne nyuma, kwenye roboti ya barabara hiihii, mtu alivunja kioo akaondoka na mkoba wake na karatasi zake zote za ukimbizi. Tangu siku ile mkono ulikuwa umejifunza kazi yake, ukawa hauombi tena ruhusa.

Aliuvuta mkoba. Kitaa kikawaka.

"Sukuma."

Kikazima.

"Vuta."

Kikawaka. Nyuma yao dereva mmoja alipiga honi na kutukana. Roboti ilikuwa kijani kitambo. Héritière alikuwa amelaza paji la uso kwenye usukani, akicheka huku machozi yanamtoka.

"Endesha, dada, tutapigwa," Bakiri alisema, naye anacheka.

Waliporudi alimwonyesha. Aliyeifunga kamera ya kwanza alikuwa ameupitisha waya chini ya kapeti ya abiria, waya uleule ukaachiwa kamera mpya, na kwa kuvutwa na mkoba kila siku ulikuwa umekatika ndani kwa ndani, shingoni mwa plagi ya kule chini ya dashibodi, ngozi yake ya nje ikabaki nzima. Ukivutwa unaachana, ukilegea unagusana. Alifunga waya mpya, akaupitisha juu, kando ya dari, akaushusha upande wa dereva nyuma ya mpira wa mlango, mbali na mikoba yote ya dunia.

Ijumaa Mama Chloé alizitazama video zote, akatuma ujumbe mfupi: "Jumatatu, saa ileile." Héritière aliusoma mara nyingi, akalala usingizi mzito kuanzia saa mbili usiku.

Kamera haikuzima tena, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kurudi Malvern. Alipokwenda miezi mingi baadaye, kusalimia tu, aliambiwa fundi amerejea Tanga kwa wanawe. Alisimama kidogo ukingoni mwa ile barabara, akakumbuka walivyoagana ile Jumamosi, yeye tayari ameshika usukani, Bakiri amesimama nje miguu mitupu. Alikuwa amemwuliza sasa afanyeje, aache kuficha mkoba? Bakiri alikuwa anapatazama pale ukingoni alipoyapanga makubazi yake kabla hawajaondoka, mahali palipokuwa patupu kabisa.

"Ficha, dada," akasema. "Ficha na viatu."