Moto Usio na Moshi

Mama yangu aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, maisha yake yote. Magunia yalishuka kutoka Kibati, yeye akayapima kwa makopo mbele ya nyumba yetu ya Katoyi, mtaa wa Goma, na makala hayo ndiyo yaliyonisomesha hadi nikawa mwalimu wa fizikia. Ndiyo pia yaliyomla mapafu. Mwishoni alipumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine ile ilitaka umeme usiokatika. Umeme usiokatika, Goma! Nacheka kwa uchungu.

Asubuhi moja nilifundisha umeme wa nyuklia, kama programu ya shule inavyotaka. Nilichora ubaoni: viini vya urani vinapasuliwa, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine ya umeme, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe. Moshi hakuna, ingawa mabaki yake ni sumu ya kulindwa miaka na miaka. Mwanafunzi akauliza nani atajenga kinu cha nyuklia chini ya volkano yetu. Darasa likaangua kicheko. Mimi umeme ule niliutamani kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Jioni nilimsimulia mama somo lile lile, maana alipenda kujua nilichofundisha.

"Kweli ile moto haina moshi?"

"Haina, mama. Ni mvuke tu."

"Na ile majiwe ya urani, inatokaka wapi?"

"Ingine ilitokaka kwetu, Katanga. Zamani."

Akavuta pumzi kwa shida. "Kumbe! Wengine wanapata moto, sisi tunabakia na makala."

Mtaani kwetu umeme ukirudi watu hushangilia, halafu kila nyumba huchomeka resho, jiko la umeme, na kubandika maharage, kwa kuwa maharage humaliza makala. Nasi tulifanya hivyo hivyo kabla ya mashine. Lakini kabini yetu, transfoma inayogawa umeme mtaani, ni moja, imechoka, haiwezi sufuria zote kwa pamoja. Basi nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba: "Papa, mama, tafazali, mungojee kidogo. Mama yangu anapumua na kuran, na umeme." Waliitikia kwa moyo mzuri kabisa. Ila mtu mwenye watoto wenye njaa atangojea mpaka lini?

Jumamosi moja mchana, baada ya giza refu, umeme ulirudi. Chupa ya oksijeni ya akiba ilikuwa imeisha asubuhi ile. Mashine ikaanza kunguruma, uso wa mama ukatulia, nami nikatoka mbio kwenda kuomba tena. Sikufika hata kwa jirani wa pili. Kabini ililipuka kwa kishindo, na shangwe zikakatika mtaa mzima. Mama alifariki kabla ya jioni, mkono wake mkononi mwangu. Nilimchukia kila mtu siku ile, nikachukia hata maharage.

Kilio tulikifanyia uani. Majirani walileta magunia ya makala, maana kwetu ndivyo mfiwa anavyosaidiwa, wakawasha mbabula, majiko ya makala. Siku ya maziko kabini ilikuwa imetengenezwa, na umeme ukarudi. Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyechomeka resho, kwa kunihurumia. Wanawake waliendelea kupika maharage kwa makala, na moshi ukaingia hadi chumbani, ambako mashine ya mama, iliyosahauliwa bila kuzimwa, ilikuwa ikinguruma kando ya kitanda kitupu.