Jua la Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kiume anafanya kazi katika hoteli ya ufukweni huko Bahari ya Mediterania, na tangu aende hajatuletea kitu kwa uaminifu kama hali ya hewa. Kila Jumapili anatuma ujumbe wa sauti. Mama mdogo anakuja kwangu mapema, anakaa kwenye kigoda, anasikiliza kama taarifa ya habari.

Hivyo ndivyo tulivyojua, huku juu Uluguru ambako ukungu huingia jikoni bila hodi, kwamba kule Mei hadi Septemba halidondoki tone. Julai wageni wanalala mchangani kutwa, wakijigeuza kama dagaa wa kuanikwa. Oktoba bahari bado ina uvuguvugu. Februari miti inachanua. Januari alituma picha ya bahari ya buluu, yeye na kaptula, lakini kwenye sauti nikasikia mvua inapiga dirisha na yeye anakohoa.

"Ni ya kupita tu, dada," akasema. Hoteli ilikuwa imefungwa tangu Novemba, naye amebaki anapaka viti rangi.

Mimi niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikawalea wadogo zangu wawili kwa kabichi na karoti nilizobeba kichwani kushuka hadi sokoni Morogoro. Hali ya hewa naijua kwa shingo. Ila shingo haina cheti.

Mwaka jana mdogo wetu wa mwisho, msichana, alichumbiwa na kijana wa Dakawa. Kwetu ukoo unafuata mama, na ndoa haiendi bila mjomba kukaa mkekani kuwapokea wakwe na kuwahoji. Wajomba zetu wote wamekufa, kwa hiyo nafasi ni ya huyo wa hotelini. Asipokuwepo, wakwe wanaweza kugeuza na kurudi kwao. Tukampigia simu apange tarehe.

"Aprili," akasema. "Hoteli haijafunguliwa. Halafu Aprili ni jua la kiasi, maua kila mahali."

"Maua ya wapi?"

"Dada, usianze."

"Huku ni masika. Gari halipandi."

Mama mdogo akanyanyua mkono. "Mwanangu, mwenzio ameona dunia. Amesema jua."

"Amesema jua la kwake, mama."

"Kwani majua yapo mangapi?"

Wakacheka, tarehe ikapitishwa. Nilisema tena, tungoje Juni njia ikauke. Nikaambiwa nina wivu.

Siku nne kabla ya ndoa akatuma ujumbe. Kule jua lilikuwa limewahi, wageni nao wamewahi, na meneja amefuta likizo. Hali ya hewa, alisema, ni nzuri ajabu. Akaambatisha picha. Bibi harusi aliitazama, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Aprili yetu nayo haikuchelewa. Wakwe waliacha gari barabarani, wakapanda mwendo wa saa mbili, viatu mkononi. Watu wa Dakawa wamezoea tope la majaruba ya mpunga, lakini hilo ni tope lililolala, si linalosimama wima.

Mzee wao alifika mlangoni akihema. "Hodi. Huku mnaolewa na watu au na kambale?"

"Karibuni. Shikamoo."

"Marahaba. Mjomba yuko wapi, tumwone kabla hatujateleza kurudi tulikotoka?"

Mama mdogo akatazama paa. Chini ya pazia niliona miguu ya bibi harusi, imepakwa hina, haisogei. Nikakaa mkekani, mahali pa mjomba.

"Ni mimi."

"Wewe ni mwanamke."

"Ni kweli, baba. Wa kiume yupo, ila amezuiwa na jua."

Mzee akanitazama, akaitazama mvua, akaitazama suruali yake. Kisha akafungua mfuko wa nailoni, akatoa blanketi ambalo kwa desturi hupewa mjomba, akanifunika mabegani mwenyewe. Pembe moja ilikuwa imelowa. Nikaanza kumuuliza maswali ya mjomba, moja baada ya jingine, wala sikuharakisha.