Jiwe la miguu lililotoka kwenye ekzosi: nililiuza shilingi kumi kumi, kulirudisha ikawa kazi

Wakuu, salaam aleikum, na wenye salamu nyingine nazo nawapa.

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, ni taarifa tu.

Shule niliachia darasa la nne. Leo nina nyumba sita za kupangisha hapa Ukunda, zote zina stima na maji, na wapangaji wawili ni walimu. Walimu wananilipa mimi kodi. Sitaki kuongeza neno hapo.

Haya ninayoandika yalitokea mwishoni mwa miaka ya tisini na ni kweli tupu. Mke wangu Mwanasiti ameketi hapa pembeni anasoma. Nikitia chumvi ananikosoa. Keshanikosoa mara mbili na hadithi bado haijaanza (nyumba ni tano, ya sita haijapauliwa).

Twende.

Nilianza maisha nikifagia kiwanda cha sukari Ramisi. Kilipofungwa watu walilia. Mimi nilitazama vyuma.

Miaka kumi baadaye nilikuwa na mizani yangu mwenyewe ya kuning'iniza, chini ya bati, kando ya barabara. Nilinunua chuma chakavu, shaba, masufuria yaliyotoboka, betri zilizokufa. Nifunge macho, ugonge chuma mbele yangu, nikwambie kilitoka gari gani.

Sasa mnielewe jinsi kazi ilivyokuwa.

Mnunuzi wa Mombasa alikuwa akija na lori kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya kupakia anachungulia kila kitu chenye uwazi. Akikuta mchanga, sementi au jiwe ndani, anakukata kilo kumi na tusi juu yake.

Kwa hiyo sisi tulisafisha. Chochote kisicho chuma kilitoka kwa nyundo.

Chuma changu kilikuwa safi hadi yule bwana akaacha kukichungulia. Wenzangu walichunguliwa. Mimi alinipa mkono tu na kupakia. Hiyo ndiyo ilikuwa digrii yangu.

Katika vitu tulivyovisafisha kulikuwa na kopo nene la chuma linalokaa katikati ya bomba la ekzosi. Kizungu chake ni catalytic converter, nimekuja kulijua jina hilo baadaye. Siku hizo tuliita kopo la ekzosi, na linatosha.

Petroli yetu wakati ule ilikuwa bado ina risasi. Namaanisha ile ya madini, si ya bunduki. Gari likitoka Ulaya au Japani na kopo hilo, baada ya muda kopo linaziba na gari linakohoa. Fundi analikata, anaunga bomba tupu, gari linakimbia. Kopo linakuja kwangu.

Ndani yake mna jiwe la kijivu lenye matundu madogo madogo kama sega la nyuki. Nilipiga nyundo mbili, jiwe likamwagika. Nilikuwa najenga choo kipya mwaka ule, kwa hiyo mawe yote yakaenda kufukia shimo la kile cha zamani. Kama makopo thelathini na kitu.

Kumbukeni hilo shimo.

Siku moja akaja Mutua.

Mutua alikuwa Mkamba, mtu wa kanisa, mpole, amenizidi umri, dereva wa mama mmoja wa Kiswisi aliyekuwa akiishi Diani upande wa baharini. Huyo mama alikuja na gari lake kutoka kwao. Likakohoa kama mengine, kopo likakatwa, likatupwa stoo miaka miwili. Mutua alipokuwa akipanga stoo akaliona limeshika kutu, akaona ni takataka, akaniletea.

Kilo sita. Nikampa shilingi thelathini, akaondoka akiimba.

Kopo lile lilikuwa zuri, chuma kisichooza haraka. Sikulipiga nyundo. Nililifungua taratibu kwa tindo kama mtu anayefungua zawadi, na jiwe likatoka zima kama mkate wa mofa.

Mwanasiti alikuwa ananawa miguu. Akalichukua, akajaribu kisigino.

Akasema, "Ewe! Hili lashinda jiwe la dukani."

Wakuu, mtu wa biashara haambiwi mara mbili. Nilichukua msumeno wa chuma nikalikata vipande kumi na viwili. Kumi na kimoja niliviuza kwa akina mama hapa Ukunda, shilingi kumi kila kimoja, na vilikwisha kabla ya adhuhuri. Cha kumi na mbili, kile cha katikati, kizuri kuliko vyote, nikamfungia mama mkwe wangu wa Msambweni pamoja na sukari ya Idi.

Mama mkwe alituma dua ndefu. Mwanasiti aliniletea nzima, neno kwa neno.

Zikapita siku kama hamsini.

Jumapili moja Mutua akaja kwa miguu, bado kavaa tai ya kanisani, jasho limemtoka mpaka kwenye tai.

"Bwana Bakari, ile kitu ya ekzosi nilikuletea, iko wapi?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Madam anarudi kwao kabisa. Jana amenishika, Mutua leta ile kitu ya gari ilikatwa. Nikamwambia iko kwa fundi inasafishwa. Amesema Ijumaa aione."

Mwaka ule hoteli zilikuwa zinafungwa moja baada ya nyingine, wageni hakuna, madereva wazima wanauza makaa. Mutua alikuwa amepata nafasi hoteli moja upande wa kuelekea Chale. Meneja alimwambia lete barua ya mwajiri wako, uanze. Barua ya kusema huyu ni mwaminifu. Na barua hiyo alikuwa aiandike huyo huyo mama.

"Akijua niliuza kitu yake shilingi thelathini, ataandika nini, Bwana Bakari? Nina watoto watatu kwa shule."

Palikuwa na watu wanne watano wakisubiri mizani. Wote wamesikia. Wote wananitazama.

Na mimi, badala ya kumvuta kando, nikasema kwa sauti, "Mutua, kwangu mali haipotei. Alhamisi jioni njoo ulichukue kama lilivyokuwa."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Ilikuwa dakika nzuri sana. Ilikuwa dakika moja.

Ganda la kopo nilikuwa nalo, lori la Mombasa lilikuwa halijaja. Lilibaki jiwe, na jiwe lilikuwa kwenye visigino vya mji mzima.

Jumatatu asubuhi nikaanza na Mama Riziki, muuza viazi karai pale stendi. Nikamwambia lile jiwe naomba nilinunue tena, nampa kumi yake na kumi juu.

Akageuza viazi. Hakunitazama.

"Ulinambia jiwe hili latoka ng'ambo."

"Latoka ng'ambo, ndiyo."

"Sasa lina nini ndani, dhahabu? Kama ni dhahabu sema tugawane."

Nikacheka sana. Nikamwambia mama, dhahabu mimi naijua.

"Basi hamsini. Na mwanamume mzima wazunguka mji kutafuta jiwe la miguu, mkeo yuajua?"

Nikalipa hamsini. Kosa langu lilikuwa kuanza na yeye, kwa sababu stendi ndiyo redio. Nilipofika kwa wa tatu tayari alikuwa mlangoni, jiwe mkononi, bei mdomoni. Wa saba alitaka mia, akasema lake halijatumika. Lilikuwa limelowa.

Hadi Jumanne jioni vipande kumi na kimoja nilikuwa navyo, vimenila mia sita na arobaini.

Kikabaki cha mama mkwe.

Wasio wa huku nawaeleza. Mkwe kwetu hutazamani naye usoni. Huketi naye chumba kimoja ukapiga soga. Na ukimpa kitu, kimekwenda. Kumwambia akurudishie ni kumvua nguo.

Nilifikiria kutengeneza kipande cha bandia kwa udongo wa chungu. Mwanasiti akanizuia. Akasema udongo ukipasuka ndani ya gari Ulaya, Mutua atafuatwa mpaka kwao Machakos.

Jumatano tukapanda gari la Msambweni, shilingi hamsini na tano kwenda na kurudi kwa watu wawili.

Nikaketi barazani nimetazama barabara. Nikatoa shikamoo kuelekea barabarani. Mama mkwe akaitikia marahaba kutoka ndani. Mlango uko wazi, baina yetu kuna hatua mbili na pazia. Mwanasiti akaingia, akaeleza habari yote.

Kisha nikasikia:

"Mwanasiti, mwambie mumeo lile jiwe nililipokea kwa dua. Jiwe atalipata. Dua azirudishe vipi?"

Mwanasiti akatoa kichwa nje ya pazia. "Mama auliza dua utazirudisha vipi."

"Mwambie mama nimekosa."

"Asema amekosa."

"Nimemsikia. Mwambie nimemsikia. Na umwambie kumkosea mkwe hakulipwi kwa mdomo. Mbuzi jike, na leso doti moja. Rangi nachagua mimi."

Nikajaribu kusema kwamba ni kazi ya mtu, baba wa watoto watatu.

"Mwambie kwa sababu ya hao watoto sijasema mbuzi wawili."

Mbuzi elfu moja na mia tano. Leso mia tatu na hamsini, nyekundu na nyeusi. Nililipa siku ile ile, na kipande kikatolewa kimefungwa kwenye kitambaa safi.

Nikakifungua nikiwa njiani kurudi. Kilikuwa kimelika nusu.

Sisemi kitu. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alilima mpunga miaka arobaini bila viatu.

Alhamisi sikufungua mizani. Nilivipanga vipande vile kimoja juu ya kingine, nikipitisha spoku ya baiskeli tundu kwa tundu ili kila tundu likutane na mwenzake. Palipoliwa na kisigino cha mama mkwe nilijaza kwa gundi ya ekzosi, ya shilingi mia moja na themanini, na nikatoboa matundu kwa mkono. Saa tano mfululizo. Hakuna mtu mwenye digrii angefanya kazi ile.

Nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mia nne. Alipowasha moto, kopo likaanza kunukia sabuni na mafuta ya nazi. Karakana yote ikanukia kama nyumba ya biharusi. Fundi akazima gesi akaniuliza hii ni nini.

Nikamwambia chomelea.

Tulilipaka oili chafu, tukalichoma kwa nyasi, likarudi kuwa la zamani.

Ijumaa nilikwenda mwenyewe na Mutua, nikasema mimi ndiye fundi. Yule mama alilipima kwa mikono miwili. Akalinusa. Akalinusa tena. Akasema kitu kwa Kiingereza.

Mutua akanitafsiria. "Anasema hajawahi kuona fundi anasafisha namna hii."

Mama akaingia ndani akaandika barua palepale, ukurasa mzima. Mutua aliishika kwa ncha za vidole hadi tulipofika barabarani. Jumatatu iliyofuata alianza kazi, na aliifanya miaka kumi na minne. Watoto wote watatu walimaliza shule. Senti yake sikuchukua. Hilo naomba lisomwe mara mbili.

Lakini palepale barabarani nilimuuliza, nikiwaza yale matundu yangu, kama gari litafungwa kopo hapa au huko Ulaya.

"Gari haendi nayo," Mutua akasema. "Gari ameuzia daktari wa Mombasa. Anabeba hiyo kopo peke yake."

"Ya nini?"

"Ati kwao kuna mtu wa skrepu ananunua. Anapasua na nyundo, anachukua jiwe. Ndani ya jiwe kuna madini ghali kushinda dhahabu."

"Na chuma?"

"Chuma anatupa. Chuma ndiyo takataka."

Nikamwambia nilikuwa najua.

Tulitembea mpaka Ukunda. Jiwe lile lingeweza kupelekwa kwenye mfuko wa plastiki, vipande vipande, na mama asingejali. Nilikuwa nimepanga matundu saa tano.

Choo changu kipya kilikuwa kimekwisha kujengwa, sakafu yake imelalia lile shimo la zamani. Sakafu ya sementi, nguzo nne, mlango wa mabati. Kimesimama imara hadi leo, hakijawahi kutitia. Mawe thelathini na kitu chini. Wapangaji wangu wawili walimu wanakitumia.

Sasa funzo, kwa vijana hasa. Usisafishe kitu usichokijua. Mimi nilisifiwa miaka mingi kwa usafi, kumbe nilikuwa natupa mali na kuuza takataka, na mnunuzi ananipa mkono. Anayekusifu sana, muulize yeye anapeleka wapi. Na ukimpa mkwe kitu, hesabu kwamba kimezikwa.

Wanaojua bei ya vitu hivi leo waweke hapa, nisome. Wenye wakwe pia karibuni. Atakayeniuliza kwa nini sikibomoi choo, Mwanasiti amekataa, na yeye ndiye aliyeshika simu sasa hivi anahakikisha hesabu.

Anasema nitoe zile mia na kumi nilizouzia vipande mwanzoni, na nisisahau thelathini za Mutua, gundi, na nauli.

Nimetoa. Nimejumlisha. Jiwe lile limenila shilingi elfu tatu na arobaini na tano.