Adabu ya Mwanangu

Mwaka 2017 mwanangu alirudi kwangu, hapa Berea, huku kusini mwa Afrika, baada ya kulala muda mrefu chini ya daraja na wavutaji wa nyaope, ile ambayo sisi watu wa Tanga tunaiita unga tu. Amekonda, lakini unga ameacha, na vidonge vya virusi kliniki walishampa. Nikamshukuru Mungu, nikamtandikia godoro sebuleni.

Siku za mwanzo alinifurahisha. Naamka: "Shikamoo mama." Marahaba. Nateleka chai: "Shikamoo mama." Marahaba baba. Nikitoka msalani, shikamoo tena. Nikasema, ee, mtu akitoka kwenye shida hurudi na adabu. Jirani yangu Mkongo, msusi wa mlango wa pili, akanionea wivu.

"Mama, uko na bahati. Wa kwangu hata bonjour hanipatie."

"Wako dunia haijamchapa," nikamjibu, tukacheka.

Mimi shule niliishia la pili, lakini jina la mtu likiingia kichwani halitoki. Wapangaji wote waliopita jengo hili ninao humo, hata wa usiku mmoja. Sikujua kichwa cha mtu kinaweza kuvuja.

Mwanangu akarudi kwenye kazi yake ya kinyozi. Mchana mmoja mteja akaja kunigongea, nusu ya kichwa kipara, nusu ina nywele.

"Gogo," akaniita, yaani bibi, "mwanao kaweka mashine chini, katoka. Namngoja mpaka sasa."

Tulimkuta pembeni ya robot, kwenye taa za kuvukia. Watu wanavuka, taa inageuka nyekundu, inageuka kijani, yeye kasimama palepale.

"Shikamoo mama."

Nikamshika mkono, tukaondoka.

Kliniki, sista, ndivyo manesi wanavyoitwa huku, alieleza kwa Kizulu, na mjukuu wangu niliyeongozana naye akanitafsiria.

"Bibi, virusi vimeingia mpaka kwenye ubongo. Mwili unapigana navyo, sasa ubongo wenyewe unavimba, unawaka ndani kama kidonda. Na nyaope ilikuwa inachochea."

"Mwambie kaacha."

"Nimemwambia. Anasema ni vizuri, lakini, eish, bibi, kuna sehemu zimeshaharibika. Anauliza vidonge anameza kila siku?"

"Nameza," mwanangu akadakia.

Nikatia mkono mfukoni mwake, nikatoa kichupa. Kimejaa hadi shingoni.

Toka hapo nikawa nampa mwenyewe, na maji, afungue mdomo nione.

"Mama, mimi kifaranga?"

"Kifaranga chenye ndevu. Fungua!"

Alikuwa anacheka. Miezi ikaenda, akapata nafuu, hata vifungo vya shati akaanza kuvifunga sawa. Nikathubutu kusema na jirani habari ya kumrudisha kinyozini.

Asubuhi moja ya baridi akameza, akafungua mdomo bila kuambiwa, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, sista," akasema kwa upole. "Mama yangu anajua kama niko hapa?"

Nikamwambia anajua.