Gramu Moja na Nusu kwa Wiki

Binti yetu alipopata kazi ya uuguzi huko Ghuba, alikuja kutuaga nyumbani Langas, hapa Eldoret, kwa pikapu, tangi lake la samaki likiwa nyuma limefunikwa blanketi. Samaki wenyewe, kumi na mmoja, wembamba kama njiti za kiberiti, alikuwa nao kwenye ndoo aliyoibana kati ya magoti. Mimi na dereva tulilibeba tangi hadi sebuleni, tukaliweka juu ya kabati fupi karibu na dirisha, na binti yangu akaanza kunifundisha.

Alisema samaki hawana kazi nyingi. Kazi ni mimea. Chini kulikuwa na nyasi fupi zilizotanda kama zulia, nyuma mmea wa majani mapana, na katikati mmoja mwekundu aliokuwa akiupenda kuliko yote. Mimea hiyo hula kutoka kwenye maji, kwa hivyo ni lazima ilishwe. Akanipa chupa ya mbolea ya maji iliyotoka ng'ambo, yenye kichwa cha kubonyeza. Nibonyeze mara moja kila asubuhi. Kila Jumamosi nitoe theluthi ya maji na kuweka mengine yaliyokaa kwenye ndoo siku nzima, ili dawa ya mfereji iishe nguvu.

"Baba, usiongeze," aliniambia akiwa tayari mlangoni. "Hata ukiona inafaa, usiongeze."

Nilimwahidi. Wakati huo nilikuwa na miezi minne nyumbani. Kiwanda cha nguo nilichokitumikia miaka ishirini na moja kilikuwa kimepunguza watu, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa getini. Kazi yangu ilikuwa kupima rangi. Kitambaa cha sare za shule kinataka buluu ileile mwaka huu na mwaka ujao, na gramu tano zikizidi, marobota mazima yanarudishwa. Sasa mke wangu alikuwa akitoka asubuhi kwenda kuuza mboga karibu na steji ya matatu, nami nikibaki na redio. Ndiyo maana nilikuwa naweza kukaa mbele ya lile tangi hadi chai ikapoa mara mbili.

Baada ya wiki tatu niliona ule mmea mwekundu umefifia. Nilibonyeza chupa mara mbili, kesho yake mara tatu. Nilifungua na pazia, nikifikiri jua la dirishani litausaidia. Kufikia mwisho wa mwezi kioo chote kilikuwa kimevaa mwani, uteute wa kijani uliojishika kwenye majani hata ukiukuna kwa kucha hautoki. Maji yenyewe yalikuwa kama supu ya mboga.

Niliona aibu, na aibu ikanipa haraka. Siku moja nilitoa maji yote. Nikasugua kioo, nikachambua mawe, nikachukua sifongo ya kichujio na kuikamua chini ya mfereji hadi ikawa nyeupe. Kisha nikajaza tangi kwa maji yaleyale ya mfereji, hapo hapo, bila kuyaacha yakae. Mke wangu aliporudi alisema nyumba imependeza. Siku ya pili samaki walikuwa juu ya maji wakihema. Kufikia siku ya nne saba walikuwa wamekufa. Niliwazika mmoja mmoja chini ya mboga za sukuma nyuma ya nyumba, mke wangu akiwa kazini.

Binti yetu alikuwa akitupigia simu ya video kila Jumapili baada ya kanisa. Jumapili hiyo nilihamisha kiti changu upande mwingine wa sebule, nikaielekeza simu ukutani kwenye kalenda. Aliuliza samaki wako aje, nikasema wako sawa. Jumapili iliyofuata nikasema tangi liko kwenye giza kidogo, halionekani vizuri. Nilifanya hivyo wiki tano. Mke wangu alikuwa akiniangalia pembeni, kisha anarudi kuchambua mboga zake.

Wiki ya sita nilikaa kwenye kiti changu cha kawaida, nikageuza simu.

"Samaki wako saba walikufa," nilisema. "Niliwaua mimi. Mbolea niliongeza, halafu nikaosha kila kitu."

Aliisogeza simu karibu na uso. Kisha akauliza kama ule mwekundu uko.

"Shina limebaki, na majani mawili."

"Basi kuna mahali pa kuanzia," alisema. Halafu akafuta uso kwa kiganja. "Baba, na mimi kuna kitu sijawaambia."

Kumbe alikuwa ameanguka mtihani wa leseni ya uuguzi huko. Tangu afike alikuwa akifanya kazi ya msaidizi, kubadilisha mashuka na kuogesha wagonjwa, huku akituambia yuko wodi ya upasuaji. Angeruhusiwa kuurudia baada ya miezi sita. Mama yake, aliyekuwa anakunja nguo kwenye kochi, alikuja akachukua simu mkononi mwangu na kwenda nayo jikoni. Sikusikia waliyoongea. Aliporudi nayo binti yetu alikuwa ametulia, na ndipo aliponiambia neno ambalo sijalisahau.

"Hapa hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Wewe ulikuwa unapima kwa macho."

Kuambiwa hivyo mimi, mtu wa mizani. Sikulala vizuri, na asubuhi niliamka nimeamua. Haikuwa kwa ajili ya tangi tu. Niliamua kwamba kitu kilicho chini ya mkono wangu hakitakufa tena kwa sababu ya kukisia.

Niliagiza kisanduku cha kupimia maji kutoka Nairobi, kikaja kwa basi la vifurushi. Unachota maji kwenye kichupa, unaweka matone, unatikisa, unalinganisha rangi na kadi. Kulinganisha rangi ndiyo kazi iliyonilisha miaka ishirini na moja. Nilikuwa nikienda na kichupa hadi mlangoni kwenye mwanga wa nje, maana taa ya sebuleni inadanganya. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Ile sifongo niliyoikamua ikawa nyeupe ilikuwa makao ya vijidudu vinavyoivunja amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Nilivifuta vyote kwa mfereji, na sumu ikabaki majini. Sasa nilikuwa nikibadilisha maji kidogo kila siku na kupima, kidogo na kupima, hadi wiki ya tano kichupa cha amonia kilipobaki na umanjano wa kadi ya sifuri. Samaki wanne waliobaki walikuwa wazima. Niliandika kila kipimo kwenye daftari, na Jumapili nikimsomea binti yangu. Naye alikuwa akinieleza alichosoma wiki hiyo kuhusu figo au dawa za moyo, na mimi nikimuuliza maswali kutoka kwenye karatasi alizotutumia kwa simu, nikitamka majina ya dawa vibaya hadi anacheka.

Kisha ile chupa ya mbolea ikaisha, na Eldoret nzima hakuna aliyekuwa nayo. Nilisoma kibandiko chake. Nilichokiona humo ni vitu ambavyo mkulima yeyote wa nyanya za greenhouse, zile za ndani ya hema la nailoni, anavijua: potasiamu, naitreti, fosfeti, magnesiamu, chuma. Nikavaa koti na kwenda mjini, kwenye agrovet, duka la mbolea na dawa za mifugo, karibu na soko.

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo aliyetoka upande wa Nyandarua zamani, akiwa na greenhouse yake mwenyewe njia ya Timboroa. Nilimwambia nataka naitreti ya potasiamu, ile inayoyeyuka yote bila mashapo.

"Ekari ngapi?" aliuliza.

Nikamwambia ni lita mia moja. Alidhani nasema pampu ya kunyunyizia. Nilipomweleza ni tangi la samaki, na kwamba hesabu yangu inanipa gramu moja na nusu kwa wiki, aliweka kalamu chini. Mfuko mdogo kabisa aliokuwa nao ulikuwa wa kilo moja. Alipiga hesabu kwenye kikokotoo chake, akanigeuzia nione: ungenichukua zaidi ya miaka kumi na miwili kuumaliza. Aliita mteja mwingine aje asikie. Lakini hakunicheka kwa ubaya. Alifungua mifuko yake ya shambani na kunipimia vijiko vichache vya kila kitu kwenye karatasi za nailoni, akaandika majina juu kwa herufi kubwa, na kuniambia nirudi kumweleza kama imefanya kazi.

Nilinunua mizani ndogo ya betri. Nilipochanganya sikukosea, kwa kuwa kosa hilo nilikuwa nimeliona kiwandani mara nyingi: kuna vitu viwili ambavyo ukivitia kwenye ndoo moja vinashikana na kuanguka chini kama unga. Fosfeti na chuma ni hivyo. Kwa hivyo nilitengeneza chupa mbili, moja ya siku moja na nyingine ya siku inayofuata, kwa zamu, na kutia majini kwa bomba la sindano. Baada ya mwezi nyasi zilisimama. Mwani ulikuwa unapungua, maana pazia nililifunga na taa nikaiwekea masaa manane tu kwa siku. Ule mwekundu ulitoa majani sita mapya.

Halafu kiangazi kikaja na mfereji ukakauka. Mtaa wetu ukawa unachota kwenye kisima cha jirani, na mimi pia sikuwa na maji mengine. Kwenye kipimo cha chokaa cha kisanduku changu, maji ya kisima yalichukua matone kumi na mawili kabla ya kubadilisha rangi, wakati ya mfereji yalikuwa yanachukua matatu. Yalikuwa maji magumu, yenye chokaa. Majani mapya ya ule mwekundu yakaanza kutoka yamepauka, mishipa tu ikibaki na rangi. Hapo mkono wangu uliifikia chupa ya chuma ili niongeze. Nilikuwa nimeshavuta bomba limejaa. Nikarudisha yote ndani ya chupa, nikavaa viatu, nikaenda agrovet na jani moja kwenye kikombe cha plastiki.

Yule mama aliligeuza jani kwenye mwanga na kuniambia greenhouse yake ilifanya hivyohivyo alipochimba kisima. Chuma nilichokuwa nacho, alisema, kinaachana na dawa inayokishikilia kikikutana na maji ya chokaa, na mmea haukipati hata ukimwaga kilo. Akanipa cha aina nyingine, unga mweusi uliotengenezewa udongo wa chokaa. Aliniambia nitumie kidogo sana, na nisishtuke kwa rangi.

Sikushtuka, lakini mke wangu alishtuka. Alirudi kutoka steji akakuta maji yamekuwa mekundu kama juisi ya bitiruti.

"Mzee, umeua tena?" aliuliza polepole, akiwa bado na kikapu kichwani.

Nilimwonyesha samaki wanne wakiogelea ndani ya ule wekundu kama kawaida. Aliteremsha kikapu, akavuta kigoda, na kwa mara ya kwanza tangu tangi lije alikaa mbele yake. Aliuliza zile nyasi zinaitwaje. Alitaka kujua kwa nini samaki mmoja ni mnene. Rangi ilipungua kila nilipobadilisha maji, na wiki ya tatu majani mapya yalitoka mekundu kwelikweli.

Mvua zilipoanza niliweka pipa chini ya mabati. Maji ya mvua nayo yana shida yake: hayana madini kabisa, na ukiyatumia peke yake asidi inaweza kupanda ghafla usiku mmoja. Nilijaribu kwenye ndoo, siyo kwenye tangi. Ndoo tatu za mvua kwa moja ya kisima zilinipa matone matatu, yaleyale ya mfereji. Nikaandika daftarini na kupigia mstari.

Binti yetu alirudia mtihani mwezi huohuo. Matokeo yalipotoka alipiga simu siku ya kazi, asubuhi, nami nikajua kabla hajasema. Alikuwa amepita. Mama yake aliimba pale steji hadi wateja wakauliza kuna nini.

Yule mama wa agrovet aliomba vipandikizi vya nyasi, akaweka tangi dogo kwenye kaunta yake. Daktari wa meno aliyeliona hapo akanitafuta, na sasa kila Jumatano nahudumia tangi la chumba chake cha kungojea, kisha la shule moja, kisha la hoteli. Kiwanda kiliniita tena kwa kazi ya msimu. Niliwaambia ninaweza Jumatatu na Jumanne.

Binti alikuja likizo baada ya miaka miwili. Aliweka mizigo chini, akasalimia mama yake, akapiga magoti mbele ya kioo. Nyasi zilikuwa zimetanda hadi kwenye kioo, samaki wamekuwa ishirini na kitu, na ule mwekundu umefika juu na kujikunja. Kisha akakunja mkono wa shati ili autie majini apogoe.

Nilimshika kiwiko. Nilimwambia kwanza akanawe mikono kwa maji peke yake, asitumie sabuni, na mafuta aliyojipaka kwenye ndege ayatoe yote. Alienda kunawa.