Polikarpo Alivyomwiga Mume Wangu

Polikarpo ni mtani wetu, na mtani hakasirikiwi. Nalisema hili mapema ili mnielewe, maana mie nilimkasirikia na bado namkasirikia, Mungu anisamehe.

Yeye Mnyamwezi wa Sikonge, sie Wazaramo wa hapa hapa Kunduchi. Alikuja kijana kupasua kokoto huku Mtongani, machimbo yalipofungwa akaanza kufyatua matofali. Lakini tulimjua kwa misiba. Mzaramo akifa, Polikarpo anaingia kwa fujo, anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anagomba kama marehemu. Alipokufa shangazi yangu alitinga baibui lake, akajilaza mbele ya jeneza, akasema haendi popote mpaka aletewe tambuu. Jamani! Tulicheka huku kamasi zinatutoka. Na ukishacheka vile, unakuwa umemwona mtu wako mara ya mwisho, unamwachia aende. Ndiyo faida ya mtani.

Sasa Badru, yule mwimbaji wa bongo fleva wa Kawe, akaja kuzika kwa jirani, akamwona Polikarpo kazini. Alikuwa anatengeneza filamu ya kuchekesha, Nizikeni Kesho, habari za mzee anayejifanya amekufa ili ajue nani atamlilia.

"Braza, we ndo mzee wangu," akamwambia. "Njoo ufanye vile vile."

Tatizo, Polikarpo hajui kumwiga mtu asiyekuwepo. Huyo mzee wa kwenye hadithi hajawahi kumwona akitembea, atamwigaje? Walihangaika naye kutwa nzima kule Boko, mbele ya kamera kasimama kama gogo, Badru anafoka. Ndipo Polikarpo akamchukua mtu wa karibu amwige: Mwinshehe, mume wangu, aliyekuwa hai, mzima wa afya, amekaa zake kibarazani anakunywa kahawa.

Alimchukua mzima mzima. Mguu wa kushoto anaouburuta. Kiti anachokipapasa kwanza kabla hajakikalia, utadhani kina moto. Kicheko chake cha puani. Mbele ya kamera akamvika sanda, akamlaza, watu wakamlilia.

Mjini filamu haikusikika. Hata mashabiki wa Badru wengi hawaijui. Walitegemea nyimbo, wakaona msiba. Ila Kunduchi ilioneshwa kwenye kibanda cha mpira, Badru mwenyewe yupo, na Polikarpo alipotokea tu anaburuta mguu, kibanda kizima kikageuka kumtazama Mwinshehe. Watu mbavu hawana! Yeye hakucheka. Alikuwa anajitazama amefungwa sanda. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, nikaogopa.

Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mwamvita, kwani mie nimeshaliliwa?"

"Acha hizo, baba Raudha. Filamu tu ile."

"Basi siku yangu ikifika mtanililia mara ya pili?"

Kesho yake Polikarpo huyo, anacheka toka mlangoni. "Mtani, nimekufanya staa!" Angemjibu nini? Ukimnunia mtani, aibu ni yako. Mwinshehe akamkaribisha kahawa. Mie nilitamani nimmwagie.

Tangu hapo mume wangu alikuwa hapiti njia bila watu kuburuta miguu nyuma yake. Hakugomba na mtu. Akajirekebisha. Ule mguu, pamoja na maumivu yote, akawa anaunyanyua. Kiti akawa anakikalia moja kwa moja. Kicheko akakiacha kabisa. Nikirudi sokoni namkuta peke yake ukumbini, kashika ukuta, anajifunza kutembea. Nililia sana siku zile. Nilikuwa naishi na mgeni mpole ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwaka jana akafariki. Polikarpo alikuja, safari hii bila fujo, kainamisha kichwa. Nilimtolea koti na kofia ya marehemu kwa mikono yangu, maana pamoja na hasira zangu nilimhitaji, wallahi nilimhitaji. Nilimtaka Mwinshehe wangu wa zamani, mara moja tu, kabla hawajamtoa. Akavaa. Akatoka uani, akaburuta mguu.

Watu wakapiga makofi. "Nizikeni Kesho hiyo! Mzee, rudia ile ya kwenye kiti!" Na simu zikatoka mifukoni, msibani kwangu.

Polikarpo akasimama pale pale. Akanisogelea.

"Mtani," akaninong'oneza, "nimwige yupi?"

Nikazitazama zile simu. Akavua koti, akanirudishia. Wanaume wakambeba mume wangu wakaenda kumzika, na mie nilikuwa bado sijamwona. Hadi leo nikifumba macho nimtafute, naona mguu unaburutwa, mkono unapapasa kiti, moyo unaniruka nasema huyo kaja. Halafu anageuza uso, na ni Polikarpo.