Kiti Kilichotazama Ukuta

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Sikio. Alikuwa fundi pikipiki zamani zile, injini ilipokuwa na kabureta na fundi alipokuwa na aibu ya kubahatisha. Mteja alisimama mlangoni bila kuzima pikipiki, Sikio akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Vali imelegea," na kweli ikawa vali. Siku hizi fundi anachomeka waya kwenye kompyuta, kompyuta inamwambia pikipiki inaumwa nini, naye anamsomea mwenye pikipiki kama tarishi. Sikio alipoona mambo yamefika huko, alifunga gereji yake, akaligeuza banda kuwa chumba cha gemu. Wazo lilikuwa la mkewe.

Mkewe ndiye aliyekuwa mchezaji. Mwanamke mnene, mpole, anayeogopa hata baiskeli, lakini ukimpa padi ya kuchezea mkononi na ile gemu ya mbio za pikipiki kwenye runinga, anakuwa mtu mwingine kabisa. Gemu hiyo ilikuwa na toleo jipya kila mwaka. Siku walipoleta la kwanza, Sikio aliitazama akasonya. Watazamaji wa pembeni mwa barabara walikuwa bapa kama maboksi, na majani yalikuwa ya kijani cha ndoo ya plastiki.

"Huu ni mchezo wa kitoto," alisema.

"Wewe si unajidai una sikio?" mkewe akamjibu. "Hebu geuka utazame ukuta. Uniambie niko gia ya ngapi."

Akageuza kiti. Mkewe akatia moto. "Ya pili," Sikio akaanza. "Ya tatu. Ya nne. Umerudisha ya tatu, unaingia kona. Mbona umechelewa hivyo, mama? Utaniulia injini!" Mkewe alicheka mpaka akaanguka kwenye kona hiyohiyo.

Desturi ikaanzia hapo. Kila mwaka muuza diski aliwaazima toleo jipya kwa siku moja. Wateja walijazana, kiti cha Sikio kikawekwa kikitazama ukuta, mkewe akakaa kwenye stuli nyuma yake na padi mkononi. Mke aliendesha, mume akaita gia. Akizipata zote, gemu imefaulu, inanunuliwa. Mkewe alikuwa na tabia ya kupigapiga mguu wa kiti cha mumewe kwa kisigino mbio zikimnogea, na Sikio alishazoea, kama mtu anavyozoea mwenzake anayekoroma.

Miaka ikaenda na gemu ikabadilika. Toleo la pili lilileta mvua, na tairi zikaanza kuteleza kama tairi za kweli. La tatu liliwapa waendeshaji nyuso. Baadaye watazamaji wakanyanyua mikono, jua likazama nyuma ya milima, jasho likaonekana kwenye shingo ya mtu. Vitu vya macho viliongezeka kila mwaka. Vya watu vikapungua. Zamani skrini iligawanyika katikati, wawili wakakaa bega kwa bega, mmoja akimsukuma mwenzake kwa kiwiko ili pikipiki yake itumbukie majini. Wakaiondoa hiyo. Ukitaka kushindana sasa, utashindana na mtu usiyemjua, aliye mbali usikokujua, na akikushinda huna hata wa kumtukana. Zamani gemu ilikuja imekamilika ndani ya boksi lake. Sasa inakuja nusu, nusu nyingine unaingoja ishuke kwenye mtandao. Haya yote Sikio aliyaona, aliyalalamikia, lakini akaendelea kuipitisha, kwa sababu injini zilikuwa zikilia sawasawa.

Kisha mkewe akaugua, akafa. Binti yao, mshona nguo, akarudi nyumbani kumtunza baba na kushika chumba. Kuanzia mwaka ule, gemu haikufaulu tena.

Miaka mitatu mfululizo binti aliendesha na baba akageukia ukuta, na miaka mitatu mfululizo gia zilimkataa. Aliita ya tatu, ikawa ya tano. Alisimama kwa hasira. "Wameiua! Hizi si injini, ni mashine za kusagia! Wanashughulika na jasho la shingo, sauti wameitupa!" Na neno lake lilikuwa neno, kwa hiyo toleo jipya halikununuliwa. Ng'ambo ya barabara chumba kingine kilifunguliwa, kina kila kitu kipya, na viti vya Sikio vikaanza kupata vumbi.

Mteja wa mwisho mwaminifu alikuwa kinyozi wa jirani, mtu wa maneno mengi. Mwaka huu toleo jipya lilipotangazwa, alikuja akaegemea mlango.

"Mzee wangu, Jumamosi ukiikataa na hii, mimi navuka barabara."

"Vuka hata sasa hivi. Nani kakushika shati?"

"Usinune, baba. Nakupenda, lakini mapenzi hayana toleo jipya."

Binti alicheka. Kinyozi alipoondoka, aliweka mezani diski ya toleo jipya, ambayo safari hii muuza diski aliwaachia mpaka Jumamosi. "Baba, tuijaribu kwanza sisi wawili. Chumba hiki kikifungwa, mimi nitarudi kwenye cherehani yangu, lakini wewe utakwenda wapi kila asubuhi?"

Sikio akainuka. Akageuza kiti. Binti akaendesha, na gia zikamkataa kama mwaka jana.

"Unaona? Wameiua!" akafoka. "Lete ile ya kwanza. Ya mama yako. Nikuonyeshe injini inavyolia."

Binti alisita, akaitoa diski kuukuu kwenye mkebe wa biskuti, akaipangusa kwa kanga yake. Maboksi yenye vichwa yakatokea pembeni mwa barabara. Sikio akafumba macho, akatabasamu kabla hajasikia kitu.

"Ya pili," akasema. "Ya tatu... bado ya tatu."

"Ya tano, baba."

Tabasamu likamganda usoni. Akajipa moyo kwamba diski imechakaa, wakasafisha. Akasema ni waya, wakabadilisha. Akafungua spika, akaigusa ngozi ya ndani kwa kidole, akanusa nyaya kama alivyonusa mafuta ya injini enzi zake. Alikuwa fundi, na fundi hutoa kifaa kimoja kimoja mpaka kibaki chenye kosa. Alipomaliza kutoa vyote, alibaki yeye ameketi na bisibisi mkononi.

"Wewe unaisikiaje?" akauliza taratibu.

"Inalia, baba. Ikipanda gia inalia nyembamba, kama mbu sikioni."

Yeye alisikia ngurumo tu, kama mtu anayeburuta kabati chumba cha pili.

Binti hakumtazama. Akaishika padi tena. "Geuka ukuta," akasema, kwa sauti ileile ya mama yake. Sikio akageuka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kubisha. Pikipiki ikaondoka, na mguu wa kiti ukagongwa kwa kisigino. Mara moja. Halafu tena. Halafu ukakwaruzwa kwa kidole cha mguu.

"Ya pili," Sikio akaita. "Ya tatu. Umerudisha ya pili." Zote zilikuwa sawa. Akageuka kwa ghafla. "Nani kakufundisha hii?"

"Mama." Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye anaendelea kuendesha. "Alinieleza alipokuwa kitandani. Kugonga ni kupanda, kukwaruza ni kushuka. Alisema ulianza kukosea zamani, akawa anakusaidia kwa mguu, na wewe ukadhani unasikia. Alitaka niendelee. Nilishindwa, baba. Niliona ni kama kukudanganya."

Basi gemu haikuwa imeharibika mwaka aliokufa mkewe. Pikipiki kwenye skrini ikagonga ukingo na kulala chini, gurudumu likizunguka. Sikio alitaka kumkasirikia marehemu, akashindwa. Alijiona alivyokuwa akitamba mbele ya watu mwaka baada ya mwaka, na nyuma yake mwanamke mnene anahangaika na padi mikononi na kisigino chini, asimwaibishe mumewe.

"Jumamosi nitagonga," binti akasema. "Ukitaka."

Jumamosi watu walijaa kuliko walivyotarajiwa, kwani kinyozi alikuwa amewatangazia wateja wake wote. Kiti kilitazama ukuta. Binti akakaa kwenye stuli ya mama yake, na kisigino kikaanza kazi.

"Ya pili. Ya tatu. Ya nne."

"Mzee karudi!" kinyozi akapiga kelele. "Karudi na sikio lake!"

Watu wakashangilia. Binti akagonga tena. Sikio alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akashika goti la binti yake, akalituliza.

Kisigino kikakoma. Ngurumo ikaendelea, isiyo na gia ndani yake. Watu wakangoja.

"Gemu imefaulu," akasema. "Na zile mlizonisikia nikizikataa miaka mitatu, huenda nazo zilifaulu. Mimi sisikii. Nilikuwa naazimwa masikio."

Kinyozi akatoa noti mfukoni, akamlipa binti pesa ya saa moja, akaketi kucheza, na wengine wakapanga foleni nyuma yake bila kelele.

Sikio akageuza kiti kikatazama runinga. Kwa mara ya kwanza aliyatazama mashindano mwanzo mpaka mwisho: mvua barabarani, jasho la shingo, watu wenye nyuso wakinyanyua mikono. Yalikuwa mazuri. Hakuweza kusema hayakuwa mazuri. Jioni walipoondoka wote, na binti ameshika ufagio mlangoni, Sikio alikirudisha kiti kutazama ukuta, akaweka padi kwenye stuli iliyo tupu, akakaa. Aliegemeza kisigino chake kwenye mguu wa kiti, akafumba macho, akangoja mkewe agonge.

Kiti hakikugongwa.